Taa ya Badru Haizimiki

Kama Jumamosi iliyopita uliwahi kufungia maandazi gazeti hili kabla hujalisoma, lawama ni yako. Lakini mimi si mchoyo, sitakuacha nje ya mlango. Sikiliza kwa ufupi.

Hafsa ni mke wa Badru. Wanaishi mtaa wa Nguvumali, katika nyumba ya Bi Khadija, mama mzazi wa Badru. Kazi ya Hafsa ni kuandika programu za simu, kazi ambayo mpaka leo mama mkwe wake huieleza kwa majirani kwa kusema, "Anashinda na kompyuta."

Badru ana pikipiki. Yumo katika chama cha madereva wanaopanda milima ya Amani kuchukua iliki na pilipili manga, na siku ya dharura huteremsha wagonjwa. Hafsa alikitengenezea chama hicho programu ya kuandikiana, akaiita Tupo. Kila jina lina taa ndogo pembeni. Ikiwaka kijani, mtu yupo hewani. Ikizimika, hayupo.

Jumatatu Badru alipanda Amani. Kabla ya kuwasha pikipiki alimnong'oneza mkewe kwamba wiki iliyotangulia aliona magogo ya msitu wa hifadhi yakipakiwa kwenye lori, na msimamizi wa ule upakiaji ni mtu wanayemfahamu vizuri.

"Nani?" Hafsa aliuliza.

"Nikirudi nitakwambia. Nataka kwanza nihakikishe, nisije nikamsingizia mtu."

Hakurudi. Leo ni Ijumaa, na hajarudi. Ukipiga simu yake inaita, inaita, mpaka inakata. Ukimwandikia hajibu.

Na hakuna anayemtafuta, kwa sababu taa yake inawaka.

"Mtu taa yake inawaka, mnamtafuta nini?" Mselem, mwenyekiti wa chama, aliwaambia madereva. "Ana shughuli zake huko juu. Mwanamume mzima tukamtangaze kapotea, akirudi tutaweka wapi nyuso zetu?"

Madereva wakaridhika. Bi Khadija naye akamkataza mkwewe asithubutu kwenda kituo cha polisi kumtangazia mwanawe mabaya. Hafsa peke yake ndiye hakupata usingizi, maana yeye peke yake ndiye aliyejua jambo moja kuhusu taa ile. Alilificha, likamwoza moyoni. Leo likamtoka.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika punde. Bi Khadija alikuwa ukumbini akipepeta mchele. Hafsa akaja, akakaa chini kwenye jamvi.

"Mama, nina neno."

"Sema, mkaza mwanangu."

"Ile taa ya Badru si ya kweli."

Ungo ukasimama.

"Si ya kweli vipi?"

"Inaweza kuwaka hata kama simu yake imevunjika. Hata kama iko mtoni. Itawaka mwaka mzima, mama. Mimi ndiye niliyeifanya hivyo."

Hapa ngoja nikuweke sawa, msomaji, usije ukamhukumu binti wa watu kabla ya wakati.

Tupo haina kompyuta yake inayokesha. Watu wa chama wangelipia nini? Hafsa aliiweka kwenye huduma ya kukodi, iliyoko mbali huko ng'ambo, ambayo hulala fofofo mpaka iguswe. Anayeingia huigusa, ikaamka, ikamwashia taa. Anayeandika huigusa. Anayeondoka hubonyeza neno Kwaheri, ikaamka, ikamzimia taa, kisha ikarudi kulala.

Sasa aliyeanguka bondeni na simu yake ikapasuka, yeye atambonyezea nani Kwaheri? Haagi. Huduma haijui, inaendelea kulala, na taa ya marehemu inaendelea kumetameta pale juu ya jina lake.

Hafsa hakuwa mjinga. Tangu mwanzo alilijua hilo, akaweka mlinzi. Kanuni yake aliitoa kwenye adabu ya hodi, ile tuliyofundishwa sote utotoni: bisha hodi mara tatu, usipoitikiwa geuka urudi ulikotoka, usichungulie wala usisukume mlango wa watu. Basi mlinzi wa Tupo kila baada ya muda mfupi aliamshwa na saa, akapita simu zote akibisha hodi. Simu yenyewe hujibu karibu, mwenyewe hata hana habari. Simu isipoitikia hodi ya tatu, mlinzi huizima taa.

Ilikuwa kazi safi. Iliyoiharibu ni milima ya Amani.

Kule juu mtandao huja na kuondoka kadiri upendavyo. Badru akiingia tu kwenye bonde, hodi tatu zinapita kimya, taa inazimika. Siku ya kwanza Bi Khadija alipoona taa ya mwanawe imezimika alipiga ukelele uliosikika mpaka msikitini. Majirani wakaja na mikeka. Wengine walikwisha kubandika maji ya chai ya msibani. Badru akatokea magharibi, mzima, ana gunia la iliki, akauliza nani kafa.

Mtaa mzima ulicheka. Bi Khadija hakucheka.

"Mtu hajaaga, wewe mashine yako yatangaza kaondoka?" alimwambia Hafsa siku ile. "Wamzika mwanangu angali hai? Kwetu sisi mtu haondoki bila kuaga, mwanangu. Mpaka aage mwenyewe, yupo. Toa uchuro huo nyumbani kwangu."

Na wanawake wa madereva wengine nao wakalalamika vivyo hivyo. Hafsa akaona haya. Akamsimamisha mlinzi. Tangu hapo Tupo ikafuata desturi ya nyumba: asiyeaga, yupo.

Mafundi wa kwingine wangekataa. Lakini mafundi wa kwingine hawaishi na mama mkwe.

"Kwa hiyo, mama," Hafsa alimalizia, machozi yanamlenga, "tangu Jumatatu tunaangalia taa isiyo na mtu. Ningesema siku ile ile wangempandia Amani. Nimeogopa. Nimeogopa utaniambia mimi ndiye niliyemuua. Nisamehe, mama. Nataka nimrudishe mlinzi sasa hivi, tujue moja."

Alitarajia kilio. Alitarajia hata kofi.

Bi Khadija akaweka ungo chini polepole.

"Usimrudishe."

"Mama?"

"Nimesema usimrudishe. Iache taa iwake."

"Lakini huenda Badru yuko bondeni amevunjika miguu, anasubiri..."

"Hafsa! Ukiigusa taa hiyo, wallahi sina radhi na wewe. Duniani na akhera."

Akainuka, akaingia chumbani kwake, akajifungia.

Radhi si neno la kuchezea. Hafsa alibaki palepale kwenye jamvi, ungo wa mchele miguuni pake, haelewi. Mama gani hataki kujua kama mwanawe yu hai? Akajiambia ni uchungu. Akajiambia wazee wana mambo yao. Kisha akajiambia kwamba mume ni wake pia.

Akaingia chumbani kwao, akafungua kompyuta, akamrudisha mlinzi.

Hodi ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu. Taa zikaanza kuzimika moja moja. Ya Sabiri, ambaye simu yake iliibiwa mwezi uliopita na bado alionekana yupo. Ya dereva mmoja aliyehamia Pangani. Nyingine, na nyingine. Uongo wote uliokusanyika tangu mlinzi asimamishwe ukaanguka mbele ya macho yake, naye akiwa ameuziba mdomo kwa upindo wa mtandio, akisubiri zamu ya jina moja tu.

Taa ya Badru ikabaki inawaka.

Akaangalia tena. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Simu ilikuwa ikiitikia, tena haraka, bila kusuasua!

Hafsa alianguka kifudifudi akasujudu palepale kwenye sakafu. Simu nzima. Simu nzima, na siku ya tano bado ina chaji, basi mtu mzima. Akatoka mbio mpaka mlangoni kwa mkwewe.

"Mama! Mama, anaitikia! Badru yupo kweli!"

Kisha sauti ikatoka ndani, kavu.

"Alhamdulillahi. Nenda kapike."

Furaha ya Hafsa ikajikwaa pale. Akarudi mbele ya kompyuta, safari hii taratibu.

Simu iliyokuwa ikisuasua kila ikipanda Amani, leo inaitikiaje haraka hivi? Kila karibu inaporudi huja na anwani ya njia ya mtandao iliyopitia. Akaifungua anwani ya Badru kujua yuko upande gani, Amani, Maramba au wapi.

Anwani aliijua. Ilikuwa ya kile kisanduku cha waifai kilichotundikwa ukutani, juu ya kichwa chake.

Simu ya Badru ilikuwa ndani ya nyumba hii.

Nyumba ina vyumba vitatu. Cha kwao alikuwa amekaa yeye. Stoo haina hata pa kuchomeka waya. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, lakini nani angeifikiria nguo ya mama?

Alikwenda akasimama mlangoni kwa Bi Khadija. Chumba cha mkwe hakiingiwi ovyo, na Hafsa tangu aolewe hakuwahi kuvuka kizingiti kile bila kukaribishwa.

"Hodi."

Hakujibiwa.

"Hodi, mama."

Akasikia kitanda kikilia.

"Hodi."

Hodi ya tatu nayo ikapita kimya. Adabu ilimtaka ageuke. Mungu amsamehe, alisukuma. Komeo lilikuwa bovu siku nyingi, Badru aliahidi kulitengeneza, likaachia.

Bi Khadija alikuwa amekaa kitandani, ameukumbatia mto. Kutoka kwenye soketi ya ukutani waya mweupe ulipita sakafuni, ukapanda, ukaingia chini ya mto ule.

"Nipe, mama."

"Toka chumbani kwangu."

"Mama, nipe."

Wakavutana. Usiombe kuona mwanamke na mkwewe wakivutana mto. Ukadondoka, na ndani yake kikatoka kifurushi cha kanga. Hafsa akakifungua. Simu ya Badru. Kioo kimepasuka kona hadi kona, matundu yake yamejaa udongo mwekundu wa mlimani uliokauka. Sauti imezimwa. Kwenye kioo yamejipanga majina ya waliopiga wasipokewe, na yote yalikuwa jina moja: Mke Wangu, Mke Wangu, Mke Wangu.

Siku zote nne alikuwa akimpigia mumewe, na simu ilikuwa ikiita ukuta wa pili, chini ya mto.

"Nani kakupa hii?" Hafsa hakuitambua sauti yake mwenyewe.

Bi Khadija akaanza kulia, kilio cha chini kwa chini cha mtu aliyelia sana peke yake.

"Mselem."

"Mselem mwenyekiti?"

"Kaja nayo Jumanne, wewe umekwenda sokoni. Kaniambia, 'Bi Khadija, mwanao yuko kwa watu wangu, mzima. Kaona yasiyomhusu. Lori langu likishavuka mpaka wa Horohoro atarudi kwako. Lakini taa yake isizimike, na wewe usifungue kinywa. Taa ikizimika madereva watampandia mlimani, na wakianza kumtafuta, watakaomfikia kwanza ni watu wangu.' Ningefanyaje, mwanangu? Niambie wewe, ningefanyaje? Nimemzaa peke yake."

Hafsa akakaa sakafuni. Mselem! Kila alasiri mtu huyo amekuwa akija na mkate wa mofa, akikaa na Bi Khadija, akimfariji. Kila alasiri Hafsa amekuwa akimwamkia shikamoo, akimpelekea kahawa, akirudi jikoni akisema moyoni kwamba viongozi wa namna hii wamebaki wachache. Kumbe alikuwa akija kuikagua simu.

"Lori linavuka lini?"

"Leo. Kasema leo usiku, kesho Badru yuko nyumbani. Ndiyo maana nikakwambia usiiguse taa. Siku moja tu, Hafsa. Imebaki siku moja."

Nao wangali wanatazamana hivyo, feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Umeme umekatika.

Bi Khadija akapangusa machozi. "Haidhuru. Naichaji kila saa, imejaa. Itakaa mpaka asubuhi."

Hafsa alikuwa akitazama mlango wazi wa chumba chake, kule kwenye kisanduku cha waifai. Vitaa vyake vyote vilikuwa vimekufa.

"Mama," alisema polepole, "simu hii ina bando?"

"Bando gani?"

"Haina. Ilikuwa inapita kwenye mtandao wa nyumbani. Sasa hauna umeme. Hodi hazifiki."

"Wewe si umesema taa ile inawaka tu? Si umesema yawaka hata ikiwa mtoni?"

"Ilikuwa hivyo. Nimemrudisha mlinzi."

Bi Khadija alimtazama. Hakusema neno juu ya radhi. Ingekuwa afadhali angesema.

Hafsa alikimbia. Akashika simu yake, akawasha mtandao wa kugawana, akairukia kompyuta ili amsimamishe mlinzi kabla hodi tatu hazijatimia. Kompyuta ikatafuta mtandao. Ikatafuta. Kwa haraka akakosea neno la kuingilia, akaliandika upya. Ndipo ukurasa ulipofunguka.

Taa ya Badru ilikuwa imezimika.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mashine ile ilikuwa imesema haki, na Hafsa akatamani aikate ulimi.

Simu yake ikalia. Ujumbe wa kwanza chamani uliandikwa na Luka, mkulima wa iliki wa Amani, mtu ambaye huandika mara moja kwa mwezi tena kwa sababu.

"Taa ya Badru imezimika. Pikipiki yake niliiona Jumatatu njia ya msituni. Nani amemwona tangu hapo?"

Hakuna aliyemwona. Majibu yakaja kama mvua ya mawe. Hakuna. Mimi sijamwona. Mimi pia. Halafu dereva Kombo, kutoka Maramba:

"Tuko sita hapa. Tunapanda sasa hivi. Luka tusubiri njia panda."

"Nawasubiri," Luka akajibu. "Naja na vijana wa kanisani na mbwa."

Hafsa akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Watu wanapanda! Kile ambacho Mselem alikiogopa kimetokea, na huenda Mselem hana watu wengi huko, huenda Luka anajua njia za msitu kuliko wao, huenda, Yarabi, huenda wakamfikia wa kwanza.

"Mama, wanakwenda kumtafuta."

"Ndiyo wamemuua," Bi Khadija alisema.

Kisha taa ya Badru ikawaka.

Wote wawili waliiona. Kijani, juu ya jina lake, Badru yupo. Na simu ya Badru iko hapa, mkononi mwa mama yake, kioo chake kimepasuka, haina bando wala waifai.

Chini ya jina yakatokea maneno: Badru anaandika.

Chama kizima kikasubiri. Ujumbe ukaja.

"Mimi mzima. Niko Muheza kwa shughuli zangu. Msinitafute. Kwaheri."

Na papo hapo Tupo ikatangaza, kama alivyoifundisha Hafsa mwenyewe: Badru ameaga. Taa ikazimika.

Msomaji, kuna jambo sijakwambia. Badru haagi. Tangu utotoni mama yake alimkanya neno kwaheri, akasema ni neno la safari isiyo na marejeo, akamzoeza kusema tutaonana. Katika Tupo hajawahi kubonyeza Kwaheri hata siku moja. Akifika nyumbani jioni humpa mkewe simu, anamwambia, "Niagie wewe." Hafsa hubonyeza, wanacheka, wanakula.

Yule si Badru. Au ni Badru, ameshikiwa kitu shingoni.

Lakini chama hakikuyajua hayo. Mwenyekiti Mselem alikuwa wa kwanza kuandika.

"Alhamdulillahi. Mmeona wenyewe, mtu kaaga kwa mkono wake. Zimeni pikipiki, kila mmoja arudi kwake. Luka, rudisha mbwa, usitutie aibu."

"Sawa, mwenyekiti," Kombo akajibu.

"Tumshukuru Mungu," akaandika mwingine.

Mmoja mmoja, wanaume waliokuwa wakimwendea mumewe wakageuza. Kwetu sisi asiyeaga yupo, na aliyeaga kaondoka salama, nani atambishia? Kanuni ya Bi Khadija ilikuwa ikifanya kazi barabara.

Hafsa akafuta machozi kwa kiganja. Akaifungua tena kompyuta na kutazama ule ujumbe wa kuaga umepitia wapi. Tupo hukumbuka pia simu yenyewe iliyotumika. Akaisoma mara mbili.

Simu iliyoingia kwa jina la Badru ndiyo simu iliyotoka muda mfupi kabla yake kwa jina la Mselem, na ndiyo iliyorudi kwa jina la Mselem na kuwaambia watu wazime pikipiki.

Ili uingie kwa jina la Badru lazima ujue neno lake la siri. Neno hilo walilijua watu wawili duniani. Lilikuwa jina walilolichagua usiku mmoja, la mtoto watakayempata Mungu akijaalia. Badru asingemtajia mtu jina lile kwa hiari yake. Hafsa alilielewa hilo vizuri, akaelewa pia maana yake nyingine: mpaka kufikia leo Badru alikuwa na ulimi wa kutajia.

Hakufikiri zaidi. Akachukua simu akaanza kuandika chamani: "Aliyeaga si Badru. Ninao ushahidi. Luka, usirudi, ni..."

Mkono wa Bi Khadija ukamdaka kifundo.

"Ukimtaja Mselem, mwanangu hafiki usiku."

"Nisipomtaja, lori likivuka watamwachia aje kusema aliyoyaona? Mama, wewe ni mtu mzima. Watamwachia?"

Vidole vya Bi Khadija vikaanza kulegea kwenye kifundo cha mkwewe, kimoja kimoja.

"Hodi humu ndani!"

Wakaganda. Sauti wanaijua. Imekuja kila alasiri na mkate wa mofa.

"Hodi, Bi Khadija!"

Bi Khadija akatikisa kichwa, macho yamemtoka. Akamwekea Hafsa kidole mdomoni. Nyumba haina umeme, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua, redio iko kimya. Mtu aliye nje atadhani hawapo. Mwenye adabu hubisha hodi mara tatu, kisha hugeuka.

"Hodi!"

Ya tatu.

Wakasubiri kusikia viatu vikiondoka kwenye changarawe. Maji yalidondoka kutoka kwenye paa. Nje palikuwa kimya kabisa, kimya cha mtu aliyesimama anasoma kitu.

Simu ya Hafsa ikatikisika mkononi. Ujumbe wake wa chamani ulikuwa bado haujatumwa. Juu yake ukawa umeingia mwingine, wa siri, wa watu wawili tu.

"Mwanangu Hafsa, taa yako naiona inawaka. Mbona huitikii?"